Kuanguka kwa Wazee Wetu: Ni Kadari au ni Uzembe?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wadhaifu, kisha akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha akaturejesha kwenye udhaifu na mvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, Nabii Zakariya alipomwomba Mola wake mtoto alieleza uzee wake, na jambo la kwanza alilolitaja halikuwa mvi wala macho, lilikuwa mifupa. Khabari hiyo imo mwanzo wa Sura ya Maryam. Sisi twaisoma, na watoto wetu waihifadhi chuoni, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kwa nini mfupa ukatangulizwa mbele ya mvi. Wafasiri wamesema kuwa mfupa ndio nguzo ya mwili, na ikidhoofika nguzo, vilivyojengwa juu yake havina nguvu tena. Sisi wa darsa hii twakiri kwamba hatukuifahamu maana hiyo sawasawa mpaka ilipotufika msikitini mwetu wenyewe, hapa Kisauni.

Tulikuwa na mzee wetu wa safu ya kwanza. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70, na kila alfajiri alikuja kwa miguu yake, na tochi mkononi, kabla ya wengi wetu kuamka. Mahali petu pa kutawadhia pana vidaraja vitatu vya kushukia, na mfadhili mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa nia yake, alikuwa amepatilia vigae vyeupe ving'aavyo kama kioo. Tulivisifu sana. Hapakuwa na chuma cha kushikia, na taa ya pale ilikuwa imeungua siku nyingi, kila mtu akingoja mwenziwe ainunue. Siku moja katika mwezi wa Rajabu mzee wetu aliinua mguu mmoja auoshe chini ya mfereji, na ule mguu mwengine uliobaki juu ya kigae ukamponyoka. Nyonga ikavunjika.

Alichukuliwa nyumbani, akaletewa muunga mifupa, akapakwa mafuta na kutiwa magango siku tisa. Siku ya kumi, maumivu yalipozidi, alipelekwa hospitali. Alipasuliwa akarudi, lakini hakutembea tena. Mgongo ukaota vidonda kwa kulala, kisha kifua kikamshika, na katika mwezi wa Shawali tukamzika. Tukasema kuwa sote ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea, na kwamba ajali yake ilikuwa imefika. Maneno hayo ni ya kweli wala hatuyarudi nyuma. Lakini tulipotoka makaburini tulirudi msikitini, tukatawadha juu ya vigae vile vile, chini ya taa ile ile isiyowaka. Na katika mwezi wa Dhulhijja mzee mwengine akaanguka pale pale, akavunjika mkono. Hapo ndipo mmoja wetu, kijana asiyesema sana, alipouliza: "Wa kwanza tulimsingizia kadari. Huyu wa pili tutamsingizia nani?"

Hatukuwa na jawabu. Na tuseme na hili pia, ijapokuwa latuaibisha: katika miezi hiyo hiyo tulikuwa twachanga pesa za zulia jipya, na zulia la zamani halikuwa na kosa ila rangi yake.

Mtu asitufahamu vibaya. Kuamini kadari ni nguzo katika nguzo za Imani. Lakini aliyetufundisha kadari ndiye yule yule aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, kama alivyopokea Tirmidhi. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni iliyoingia huko, aliwarudisha watu wake. Na Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anaitoka kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari Yake nyengine. Basi kigae kitelezacho ni kadari, na saruji iliyokwaruzwa ni kadari. Taa iliyoungua ni kadari, na taa mpya ni kadari. Sisi tumepewa akili na mikono, na tutaulizwa tulivyovitumia. Mwenye kuacha sababu makusudi kisha akaliita jambo hilo kutawakali, huyo hakutawakali. Amefanya uvivu akauvika kilemba.

Wako wanaotuletea Hadithi nyengine, nayo ni sahihi: kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu, kwani hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila una dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Husema, "Basi mwaona? Uzee hauna dawa. Mzee kuanguka ni desturi yake." Twawajibu: uzee hauna dawa, ni kweli, wala hatukusudii kumfanya mtu wa miaka 80 awe wa miaka 20. Lakini kuanguka si uzee. Ngazi isiyo na pa kushikia si uzee. Ndara iliyolika wayo si uzee. Dawa ya usingizi anayoimeza bibi bila ya kuulizwa na mtu si uzee. Hayo ni mambo mengine yaliyomkuta mzee, na kila moja lina dawa yake.

Na wako wengine ambao, mama yao akianguka mlangoni jioni, neno lao la kwanza ni kwamba amepigwa na jini, au ametiwa jicho. Huitwa mganga, hupikwa kombe, huchinjwa kuku, na mfupa waendelea kuwa umevunjika. Hatukatai kuwa majini wako, kwani Qur'ani imewataja. Lakini twauliza: je, ni jini aliyeyamwaga yale maji ukumbini? Ni jini aliyeuacha mtungi katikati ya njia? Mara nyingi tukitazama vizuri twamkuta mwenye kuuweka mtungi ni mwana wa nyumba ile ile, naye ndiye aliyekwenda mbio kumwita mganga.

Sasa tutazame ukubwa wa jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuanguka, na zaidi ya wanane katika kila kumi kati yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Katika ajali zote, hakuna iuayo watu wengi kuliko kuanguka ila ajali za barabarani. Wengi wa wanaokufa hivyo ni waliopita miaka 60, na hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu wa umri huo katika nchi yetu wamezidi milioni 2 na laki 7. Takriban theluthi ya watu wa miaka 65 na kuendelea huanguka mara moja au zaidi kila mwaka. Si wote wavunjikao. Lakini anayevunjika nyonga si mguu tu uliovunjika. Hulala kitandani, damu ikamganda miguuni, mapafu yakajaa, ngozi ikaoza. Hata katika nchi zenye hospitali za kila namna, kadiri ya mmoja katika wanne au watano hufa kabla ya mwaka kutimia, na wengi wa wanaosalia hawarudi kutembea kama zamani.

Sababu zake ni nyingi na hukutana kwa mtu mmoja. Mifupa hupungua uzito ndani yake kama mti ulioliwa na mchwa, na kwa wanawake hupungua kwa haraka zaidi baada ya kukoma hedhi. Misuli ya mapaja hulegea. Macho huingia mtoto wa jicho, mtu asijue kidaraja kimeishia wapi. Na huyo akifanyiwa upasuaji, ambao ni mdogo, faida yake si kusoma msahafu tu, bali ni kuona pia pa kuweka mguu. Mwenye kisukari hufa ganzi nyayo. Mwenye kumeza dawa za presha huinuka ghafla kitandani dunia ikamzunguka. Na chakula cha wazee wetu wengi, Mwenyezi Mungu atusamehe, ni chai na mkate asubuhi, na chai na mkate jioni, kwa kuwa meno hayapo na hakuna aliyejisumbua kuwapikia kitu laini chenye nguvu: dagaa waliosagwa na mifupa yao, kunde, maziwa, mayai, mchicha. Tena mfupa wataka jua. Sharia ya stara haikumharimishia mwanamke jua la ua wa nyumba yake. Wakongwe wetu walijenga nyumba zenye ua, na sisi tumejenga vyumba vya kupangisha visivyo na ua, kisha twawafungia mama zetu humo.

Ndugu zetu, katika Sura ya Al-Israa Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye pekee, na akakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoka nao. Sisi twaihifadhi aya hiyo na kuisoma harusini na matangani. Lakini wema huo waingia mpaka chini ya miguu yao. Mama wa mmoja wetu, akaaye Likoni, aliamka usiku kwenda msalani. Maji ya mfereji hayakuwa yametoka siku kadhaa, kama tujuavyo sote tukaao bara, na mitungi iliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni ilikuwa imepangwa ukumbini kutoka mlango hadi mlango. Hakutaka kuwasha taa asije akawaamsha wajukuu. Alijikwaa mtungi wa pili, akaangukia kiganja, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mwanawe, ambaye ni mwenzetu, anasema kwamba usiku ule alifahamu kuwa miaka yote alikuwa akimbusu mama yake mkono, wala hajapata kuitazama njia ya mama yake kutoka kitandani hadi msalani.

Basi kila mmoja wetu leo usiku na aizime taa, aitembee njia hiyo kwa miguu mitupu. Atakutana na ncha ya mkeka iliyojikunja, na kizingiti kirefu, na waya wa feni, na ndoo, na sakafu ya bafu yenye povu la sabuni. Mitungi na ikae upande mmoja wa ukuta. Kitaa kidogo na kiwake usiku kucha. Msalani na bafuni pawe na chuma kilichochomekwa ukutani barabara (si msumari wa kutundikia taulo, ambao mzee akiushika huja nao chini) na kiti kizito cha kukalia akioga. Vyombo avitumiavyo kila siku viwekwe kimo cha kiuno, asipande kigoda kuvitafuta juu ya kabati. Ndara za mpira zilizolika zitupwe. Avae kiatu chenye kukamata kisigino. Buibui na kanzu zipunguzwe urefu zisikanyagwe. Kwa wanaume sisi twajua tumeamrishwa tusiburure nguo kwa kujigamba. Kumbe na mifupa yetu ilitakiwa kheri katika amri hiyo.

Liko kosa la pili, nalo lataka kusemwa kwa urefu kidogo, kwani limevaa nguo ya wema. Mzee akianguka mara moja, watoto humkusanyikia: "Kaa, mama, usiinuke, kaa, baba, utaletewa." Maji huletewa, chakula huletewa, hata mswala hutandikiwa pale pale alipo. Mwezi wa kwanza yuaona raha. Mwezi wa tatu mapaja yamekwisha, na siku atakayotaka kusimama kwa haja yake hataweza, ataanguka anguko lililo baya kuliko la kwanza. Sisi twaona kuwa hilo ni dhulma, ijapokuwa mwenye kuitenda yuampenda mamake. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio zaidi ya 100, yenye watu zaidi ya elfu 23, wakaona kuwa wazee wafanyao mazoezi ya mwili huanguka pungufu kwa karibu robo kuliko wasiofanya. Na mazoezi yenyewe si ya mpira wala si ya kukimbia. Mzee akae kitini kigumu kilichoegemezwa ukutani, ainuke bila ya kutumia mikono ikiwa aweza, akae tena, mara kumi. Asimame karibu na meza, ainue visigino. Atembee kando ya ukuta akitanguliza wayo mmoja mbele ya mwengine. Mwana awe ubavuni tayari kumdaka, si mbele yake akimkataza. Afanye hivyo siku tatu katika juma, wala asiache baada ya mwezi.

Na mwenye kuhitaji mkongojo aushike. Twaona wazee wetu wauficha nyuma ya mlango, wakiona haya kuonekana nao sokoni. Haya ya nini? Nabii Musa alipoulizwa na Mola wake juu ya kilichomo mkononi mwake, faida ya kwanza ya fimbo yake aliyoitaja ni kwamba yuaiegemea. Mkongojo uwe wa kimo chake mwenyewe, mpini wake ufike penye kifundo cha mkono akisimama wima, na chini uwe na mpira usiolika.

Tuje sasa katika Swala, kwani hapa ndipo penye ugumu na hapa ndipo penye lawama yetu wanafunzi wa elimu. Wazee wengi huanguka katika kutawadha, au wakiinuka kutoka sijda, nao hawakubali kukaa, wakidhani Swala ya kukaa ni ya mvivu. Nani aliyewatia dhana hiyo? Katika Bukhari imo Hadithi ya Imran bin Huswayn, aliyekuwa na maradhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia aswali kwa kusimama, na asipoweza akae, na asipoweza alale kwa ubavu. Bali Mtume mwenyewe (s.a.w.) alipata kuanguka kutoka juu ya farasi, akaumia ubavu wake wa kuume, akaswali kwa kukaa, Hadithi hiyo ameipokea Anas. Bibi Aisha ameeleza kuwa alipokuwa mtu mzima alisoma katika Swala ya usiku hali ya kukaa, na akikaribia kurukuu akasimama akamalizia. Na Abu Dawud amepokea kuwa alipokuwa na umri na mwili wake kuwa mzito alikuwa na nguzo mahali pake pa kuswalia, akiiegemea. Ikiwa aliye bora wa viumbe aliegemea nguzo, ni nani wewe, mzee wetu, uonaye haya kushika kiti?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemtaja mtu aliye chomboni baharini akachelea kizunguzungu akisimama, kwamba aswali kwa kukaa. Na aliye nchi kavu mwenye kizunguzungu hicho hicho yuna haki gani pungufu? Tena wakati wa kutawadha akae juu ya kigoda, asisimame kwa mguu mmoja kama korongo. Na mwenye taabu ya kuinua miguu ana rukhsa ya kupaka maji juu ya makhofu ya ngozi yaliyofunika vifundo, akiwa ameyavaa katika twahara kamili. Mkazi wa mji hutumia rukhsa hiyo mchana mmoja na usiku wake. Rukhsa hii imo vitabuni mwote, twaisoma kila mwaka katika mlango wake, na hatujapata kumwona hata mzee mmoja Kisauni aliyefundishwa kuitumia.

Na enyi maimamu, mmeamrishwa kuwasahilishia watu kwa sababu nyuma yenu wako wazee na wadhaifu. Khabari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana, akaoga akafa, mwaijua, na mwajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowakasirikia waliompa jawabu lile. Basi mwenye kumwambia mzee wa miaka 80, "Simama, Swala ya kukaa haina thawabu," na afikiri yuasimama mahali pa nani.

Ramadhani ina mambo yake. Mzee mwenye kisukari au mwenye dawa za presha na za kuongeza mkojo amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wapange pamoja dawa na saa zake, au aelezwe wazi kuwa kufunga kutamdhuru. Mzee asiyeweza kufunga ana njia yake katika Sharia, nayo ni kumlisha maskini kwa kila siku, kama alivyofasiri Ibn Abbas. Tumeona wazee wakisimama tarawehe baada ya siku nzima bila ya maji, wakainuka kutoka sijda wakayumba.

Nje ya nyumba na msikiti pia tuna deni. Kuondosha kitu cha kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya Imani. Basi atazame mtu wa Likoni pale kivukoni: mteremko ni mkali, wakati wa mvua za mwaka ni utelezi mtupu, na lango likifunguliwa vijana hutoka mbio kuiwahi feri kana kwamba hakuna nyengine itakayokuja, na bibi mwenye kikapu yumo katikati yao. Na atazame mtu wa Changamwe ngazi za nyumba za ghorofa anazozikodisha, kama zina taa. Makondakta wa matatu wanaomwambia mzee ashuke ilhali gari bado yatambaa, wengi wao ni watoto wetu, wa vyuo vyetu hivi hivi.

Ikiwa ameshaanguka, msimnyanyue kwa pupa mkamvuta makwapani. Mwacheni apumue, mumuulize wapi paumapo. Ikiwa hakuna maumivu makali, ageuke kwa ubavu, apige magoti na mikono, atambae mpaka penye kiti kizito, ajiinue kwa kukishika. Ikiwa hawezi kuukanyaga mguu, au mguu umekuwa mfupi kuliko mwenziwe na wayo umegeukia nje, au amepiga kichwa naye hutumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, hapo hapana kukanda, hapana mafuta, hapana kungoja kuche. Hospitali siku ile ile, akapigwe eksirei. Wa Changamwe wana hospitali ya Port Reitz, wa Likoni wana yao, na yaliyo makubwa hupelekwa Coast General kisiwani. Nyonga iliyovunjika hutengenezwa vizuri zaidi siku ya kwanza na ya pili. Hatuwavunjii heshima waunga mifupa, kwani wako wenye ujuzi wa viungo vilivyoteguka. Lakini nyonga si kazi yao, na gango lililokazwa mno huua kidole mpaka kikakatwa. Tena wazazi waandikishwe mapema katika bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024. Siku ya kuanguka si siku ya kutafuta vitambulisho.

Na mzee aliyeanguka mara moja, hata kama hakuvunjika kitu, asifiche. Wengi huficha wasije wakanyimwa kutoka. Wana nao wasimkemee, kwani akikemewa mara ya kwanza, ya pili hatasema.

Katika kikao chetu cha juma lililopita tulikubaliana kuwa pesa za zulia zigeuzwe, na kila aliyechanga aliulizwa naye akaridhia, isipokuwa wawili waliotaka kurudishiwa zao, nao wamerudishiwa. Vigae vya mahali pa kutawadhia vitang'olewa, pawe na saruji iliyokwaruzwa kama sakafu za zamani, na vyuma viwili vya kushikia kwenye vidaraja, na vigoda sita vya kukalia, na taa mbili, ili ikiungua moja iwepo ya pili. Safu ya kwanza itawekwa viti vinne upande wa kuume karibu na nguzo, na hakuna kijana atakayekalia. Kazi itaanza Jumamosi hii baada ya Swala ya Alasiri. Fundi ni mmoja tu na yuahitaji wasaidizi. Mwenye nyundo na patasi na aje nazo.